Bei ya Mgeni: Nauli, Motari na Faranga za Goma

Anayesafiri kwa basi kutoka Kigali hadi Gisenyi anakata tiketi iliyochapwa. Nauli imepangwa na RURA, mamlaka ya Rwanda inayosimamia huduma za umma, na karani wa tiketi hana haja ya kujua abiria katoka wapi. Akishavuka mpaka kwa miguu pale Grande Barrière na kukanyaga Goma, mji wa Kongo, nauli inageuka kuwa mazungumzo. Vijana wa pikipiki, wanaoitwa motari, wanamwita kabla hajarudisha pasipoti mfukoni: “Patron, tuende! Himbi? Birere? Katindo?” Bei anayotajiwa inaweza kuwa mara mbili au tatu ya ile atakayolipa mama aliyevuka pamoja naye, anayerudi nyumbani Himbi. Mgeni anahisi kwamba amelanguliwa, ila hajui kwa kiasi gani.

Jambo hili huzungumzwa kwa hasira kuliko kwa hesabu. Wasafiri husema madereva ni wezi. Madereva husema wageni wana pesa na ubahili juu yake. Kwa maoni yangu, sehemu kubwa ya kinachoitwa wizi katika nauli za Goma ni malipo ya kutoujua mji, yaliyochanganyika na gharama za kweli ambazo mgeni hazioni. Wizi wenyewe upo pia, na mahali pake panajulikana: ni pale bei inapogeuzwa baada ya safari kwisha.

Tuanze na hilo la mwisho, maana ndilo linalochanganya watu. Motari akikwambia faranga elfu tano kwa safari ya elfu mbili, hajakuibia kitu. Amekutajia bei, nawe una mdomo. Unaweza kusema mbili, ukasikia nne, ukaanza kutembea, ukaitwa kwa tatu. Hivyo ndivyo nyanya zinavyouzwa soko la Virunga, vitenge Birere na samaki Kituku, na hakuna anayemwita muuza nyanya mhalifu. Mambo ni mengine kabisa mkikubaliana elfu tatu, kisha mkifika anadai tano kwa kuwa “iko mbali”, au kwa kuwa mzigo ulikuwa mzito, au kwa kuwa mlipita njia nyingine. Hapo mapatano yamevunjwa, na hata wenzake wa kijiweni wakiulizwa watasema hivyo. Ugumu ni kwamba wageni wengi hawapatani bei kabisa. Wanapanda kimya, wakiona aibu kuuliza au wakiamini kuna bei rasmi mahali fulani, halafu wanashuka na kuanzisha ugomvi. Asiyepatana bei kabla ya kupanda hana mapatano ya kudai yaheshimiwe.

Sasa, mgeni ni nani? Wengi wakisikia neno hilo katika mji kama Goma humfikiria mzungu wa shirika la misaada. Lakini huyo ndiye anayepanda pikipiki kwa nadra kuliko wote. Mashirika mengi ya kimataifa yanawakataza wafanyakazi wao kupanda pikipiki. Wao husafiri katika Land Cruiser nyeupe zenye antena ndefu na dereva wa mshahara. Anayesimama kando ya barabara ni mfanyabiashara kutoka Kampala aliyeleta nguo, fundi wa simu kutoka Nairobi, mwandishi wa habari wa kujitegemea, mmisionari, mwanafunzi kutoka Bukavu, Mkongo wa Kinshasa asiyejua Kiswahili. Bei iliyopikwa kwa ajili ya mtu wa Land Cruiser inalipwa na mtu mwenye mkoba mmoja wa bidhaa.

Kuna utafiti mmoja wa Ugiriki unaofaa kutajwa hapa, ingawa Athens na Goma hazina la kufanana ila ukaidi wa madereva wake. Mwaka 2010 wachumi wakiongozwa na Loukas Balafoutas waliwapandisha watu kwenye teksi za Athens mara 348, wengine wakijifanya wenyeji, wengine Wagiriki wa mikoani wasioujua mji, wengine wageni wanaozungumza Kiingereza. Mgiriki wa mkoani alizungushwa njia ndefu karibu sawasawa na mgeni wa ng’ambo. Mgeni wa ng’ambo alipata pigo la ziada pale alipoonekana kwamba hajui hata kanuni za nauli: aliongezewa tozo zisizokuwepo. Ninachokitoa humo ni kwamba dereva anauza juu ya kile usichokijua. Pasipoti yako ni dalili tu ya kutojua, kama ilivyo lafudhi yako, begi lako la magurudumu na namna unavyotazama vibao vya maduka ukitafuta jina la mtaa.

Goma inathibitisha hilo kila siku. Vita vya waasi wa M23 vilipopamba moto kuanzia 2022, mamia ya maelfu ya watu walikimbia kutoka Rutshuru na Masisi na kujaa kwenye kambi za Kanyaruchinya, Bulengo na kandokando ya Mugunga. Mtu wa Masisi aliyeingia mjini kumtafuta ndugu yake ni Mkongo halisi, wa mkoa huohuo, naye hana pesa. Lakini hajui kama Ndosho ni karibu au mbali na Mutinga, na asiyejua hutajiwa bei ya asiyejua. Hana balozi wa kumlalamikia wala rafiki wa kumhadithia. Yeye hupigwa kuliko mgeni wa ng’ambo, ukipima kwa uzito wa hasara mfukoni mwake.

Bei ya mgeni ina historia yake pia. Julai 1994 karibu wakimbizi milioni moja wa Rwanda walivuka na kuingia Goma na viunga vyake katika siku chache, na nyuma yao yakaja mashirika ya misaada, magari yao, redio zao na dola zao. Mwaka 1999 Umoja wa Mataifa ulianzisha MONUC, operesheni yake ya kulinda amani Kongo, ambayo tangu 2010 inaitwa MONUSCO, na Goma ikawa moja ya ngome zake kubwa. Januari 2002 volkano ya Nyiragongo ikatema lava iliyokata mji katikati hadi ziwani na kula sehemu ya uwanja wa ndege. Misaada ikaja tena. Mei 2021 volkano ikalipuka mara nyingine. Kwa miaka thelathini, kila janga lilileta kundi jipya la watu wenye mishahara ya dola wasiojua bei ya kitu chochote. Nyumba za Himbi zikapangishwa kwa dola. Migahawa ya kando ya ziwa ikaandika bei kwa dola. Kijana aliyezaliwa 1995 na kupewa pikipiki mwaka 2015 hakubuni bei mbili, alizaliwa akazikuta.

Hata hivyo, hoja hii isivutwe mno. Kuna wanaosema wageni wamewaharibia wenyeji nauli zote za mji. Kwa upande wa kodi za nyumba naafiki. Kwa upande wa pikipiki sioni: wageni ni wachache mno katika bahari ya abiria, na mwenyeji wa Majengo anamjua motari wake kwa jina la mama yake. Kinachompandishia mwenyeji nauli ni petroli.

Petroli ya Goma inatoka mashariki. Inateremshwa melini Mombasa au Dar es Salaam, inapita Kenya, Uganda au Rwanda kwa malori, na kila mpaka una ushuru wake na kila msukosuko una bei yake. Juni 2022 M23 waliposhika Bunagana, mlango mmoja mkubwa wa bidhaa kutoka Uganda uliingia mikononi mwao. Januari 2025 mji wenyewe ukafuata. Motari hanunui mafuta kwa bei ya jana. Wengi hununua kwa chupa barabarani, na chupa inaweza kuwa na bei moja asubuhi na nyingine jioni. Ukiuliza nauli siku mbili mfululizo na ukasikia majibu mawili, usidhani mara moja kwamba umeonewa.

Halafu kuna mwenye pikipiki. Pikipiki nyingi za TVS unazoziona Goma si mali ya wanaoziendesha. Dereva humpelekea mwenyewe kiasi maalumu kila jioni. Goma wanaita versement, Dar es Salaam wangesema hesabu. Mvua inyeshe, risasi zilie, versement iko palepale. Kinachobaki baada ya hiyo na mafuta ndicho chake. Kwa hiyo saa ya siku ina maana kubwa katika bei. Motari ambaye hadi saa tisa alasiri hajafikisha hesabu ya bosi atakubali abiria wa bei ndogo ili apate kitu. Aliyekwisha kuifikisha anaweza kukutajia bei ya kukufukuza na asijali ukiondoka.

Ongeza polisi wa barabarani, wanaoitwa roulage. Raúl Sánchez de la Sierra na wenzake waliwachunguza polisi hao kule Kinshasa na kuonyesha jinsi wakubwa wa kituo wanavyowapangia askari idadi ya madereva wa kuletwa kituoni, ambako hukamuliwa. Goma si Kinshasa, lakini motari yeyote wa Goma atakuhadithia jambo la ukoo huohuo: leo hati, kesho kofia, keshokutwa gileti yenye namba. Sehemu ya bei unayotajiwa tayari imewekewa akiba ya mtu atakayewasimamisha njiani. Na kumbeba mgeni kunaongeza uwezekano wa kusimamishwa, kwa kuwa askari naye anajua kuhesabu. Malalamiko mengine ya siku nyingi ni yale ya wenye bunduki wanaopanda na kushuka bila kulipa. Safari hizo za bure nazo mtu fulani huzilipia, na mtu huyo ni abiria anayefuata.

Kuhusu barabara, mgeni huitazama ramani na kusema: kilomita tatu tu! Goma imejengwa juu ya lava. Ukitoka kwenye lami za katikati ya mji na kupinda kuelekea mitaa ya kaskazini, unaingia kwenye mawe meusi yenye ncha yanayokula tairi, shokamzoba na mgongo. Kilomita moja huko ni ghali kuliko kilomita tatu za lami ya kwenda Keshero. Motari wanapima kwa namna ya njia, na hapo ndipo wageni wengi wenye kujiona wajanja wanaposhindwa kupatana: wanabishania umbali na mtu anayehesabu mawe.

Kwa sababu hiyo mita za nauli zisingekuwa dawa Goma, hata kama ingekuwako serikali ya kuzifunga. Kigali ilijaribu. Motari wake walilazimishwa kutumia mita, na tarehe 13 Januari 2022 waligoma na kuziba barabara, jambo adimu katika mji ule, wakilalamikia makato na faini. Athens ilikuwa na mita tangu zamani, na bado wachumi wale walikuta abiria wakizungushwa. Mita inapunguza ulaghai wa bei na kufungua ulaghai wa njia.

Programu za simu zilikuja na ahadi kubwa zaidi. Uber iliingia Nairobi mwaka 2015 na Dar es Salaam mwaka uliofuata, na kwa mgeni ilikuwa faraja: bei inaonekana kabla, jina la dereva linaonekana, hakuna maneno. Kisha ukaja ugomvi juu ya kamisheni. Aprili 2022 Uber ilisimamisha huduma Tanzania baada ya LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu, kuweka kikomo cha kamisheni cha asilimia 15. Ilirudi baadaye kikomo kilipopandishwa hadi 25. Kenya nayo, mwaka 2022, iliweka asilimia 18. Abiria wa Dar anajua kilichofuata: dereva anapiga simu, anauliza unaelekea wapi na unalipa kwa njia gani, kisha anakuambia bei ya kwenye simu hailipi, ongeza elfu mbili. Mapatano yaliyofukuzwa mlangoni yamerudi dirishani. Goma haijafika hata huko. Na kwa mji ambao mtandao, umeme na usalama hukatika bila taarifa, sioni haraka.

Kabla ya kumhukumu motari, ni haki kuangalia wakubwa wake. Mgeni wa ng’ambo akienda Serengeti analipa kiingilio kwa dola, na kiwango chake ni mara nyingi ya kile anacholipa Mtanzania kwa shilingi. Bango liko langoni, stakabadhi inatolewa, na hakuna anayesema ameibiwa. Serikali zetu nyingi za Afrika Mashariki zinakubali kwamba mwenye uwezo mkubwa alipe zaidi, almradi bei iwe imeandikwa na mhuri upo. Motari anatenda jambo hilohilo bila mhuri. Kosa lake kubwa mbele ya macho ya mgeni ni kukosa stakabadhi.

Mswahili wa pwani au wa bara anayefika Goma ana faida ambayo mzungu hana, ila asiitegemee kupita kiasi. Ukifungua mdomo na kusema “Naomba unipeleke Himbi, nauli yake ni kiasi gani?”, umeshajitangaza kwamba umetoka Tanzania. Mwenyeji angesema kwa kifupi: “Himbi, ngapi?” Hata hivyo Kiswahili kinakupa kitu kikubwa kuliko punguzo: kinakupa utani. Motari akisema elfu tano, nawe ukamjibu, “Eh, papa, nimekuomba unipeleke, sijakuomba uniuzie pikipiki!”, wenzake watacheka, naye atashuka bei kwa sababu ameshaingizwa kwenye mchezo ambao una heshima. Atajibu, “Ongeza basi kidogo, kaka, mafuta imepanda.” Hasira hailipi, na kupiga kelele kwa Kiingereza au Kifaransa ndiko kunakolipa vibaya kuliko yote, kwa maana kunathibitisha yote aliyoyadhani juu yako.

Njia iliyo bora kuliko utani ni kuuliza mtu asiye na faida. Mlinzi wa hoteli, muuza vocha, mama wa duka: “Kutoka hapa mpaka Instigo watu wanalipaga ngapi?” Jibu hilo moja ndilo linalopunguza bei kuliko ujanja wowote. Na ukikaa zaidi ya siku chache, tafuta motari mmoja wako. Mpe namba, mlipe vizuri kidogo kuliko bei ya mwenyeji, mwite kila siku. Atakupa bei ya mteja, ambayo haiko kwenye orodha ya wenyeji wala ya wageni, na ataanza kukulinda dhidi ya wenzake.

Ulinzi huo ni wa kweli. Goma imeujua utekaji nyara, na imeujua wizi unaofanyika ndani ya gari la abiria lenye watu watatu ambao wote wanajuana isipokuwa wewe. Mara kwa mara wakuu wa mji wamepiga marufuku pikipiki usiku. Giza likiingia, bei inapanda, na mimi sioni sababu ya kuibishia: motari anayekubali kukupeleka saa mbili usiku anaiweka pikipiki isiyo yake katika hatari, pamoja na shingo yake. Yule anayekubali bei ndogo mno saa hizo ndiye wa kuogopwa. Mchana bishana, usiku lipa. Hata mchana, chunguza tofauti unayoigombania. Nimewaona watu wazima, wenye mishahara, wakigombana dakika kumi juani kwa kiasi kisichofika nusu dola, huku kijana aliyevaa gileti iliyochanika akiwasikiliza.

Mahali ambapo mgeni hupoteza pesa nyingi, na mara chache hulalamika, ni kwenye noti. Goma inatumia faranga ya Kongo na dola pamoja, na mpakani faranga ya Rwanda nayo inapita. Mwaka 2021 dola moja ilikuwa karibu faranga 2,000. Mwaka 2024 ilipita 2,800. Mgeni aliyekariri kiwango cha safari yake ya kwanza anajilangua mwenyewe. Dola yenye mchaniko mdogo ukingoni inakataliwa, na ya dola moja mara nyingi hakuna anayeitaka. Tangu Januari 2025, benki zilipofungwa baada ya mji kutekwa, noti za faranga zimekuwa adimu na zilizobaki zimechakaa hadi nazo zinakataliwa. Kwa hiyo ukimpa motari dola tano kwa safari ya dola moja na nusu, anaweza kweli kukosa chenji, na anaweza kukurudishia kwa kiwango chake. Wabadilisha pesa wenye meza kandokando ya barabara wanajua kiwango cha leo kuliko yeyote, na mtu anayebadili kidogo kwao, akaomba noti ndogondogo, anafika kwa motari akiwa na pesa kamili mkononi. Pesa kamili humaliza ubishi mwingi kabla haujaanza.

Uwanja wa ndege ulipofungwa Januari hiyohiyo ya 2025, mji ulibaki na mlango mmoja mkuu kwa mgeni wa ng’ambo: mpaka wa Rwanda. Wafanyakazi wengi wa mashirika walihamishwa, na soko la bei ya dola likapungua ghafla. Wachache wanaovuka sasa wanasubiriwa na motari wengi, na ushindani huo umempa mgeni nguvu ya kupatana ambayo hakuwa nayo zamani, ingawa kila mmoja pale anajua kwamba abiria hana njia nyingine rahisi ya kuingia.

Wapo wanaopendekeza bango la nauli lisimamishwe pale pale Grande Barrière: kutoka hapa hadi Birere kiasi hiki, hadi Himbi kiasi hiki, hadi Ndosho kiasi hiki. Nami naliunga mkono, kwani lingemsaidia hata mtu wa Masisi kama lingewekwa pia kwenye njia ya Sake, anayoingilia mjini. Mbao na rangi hazina gharama kubwa. Lakini bei hizo zingepaswa kusainiwa na mtu, na Goma ya leo ina utawala wa muungano wa waasi wa AFC/M23 mjini na serikali ya Kinshasa isiyoutambua. ACCO, chama cha madereva wa Kongo, kingetaka kuulizwa, na vyama vya motari pia. Askari wa barabarani wangetaka kujua nafasi yao iko wapi kwenye hesabu. Na petroli ikipanda Alhamisi, mtu angepaswa kupanda ngazi Ijumaa na brashi mkononi, akiwa na mamlaka ya kuandika upya.